Mama Breki na Zimwi Lililopunguzwa Nguvu

"Shangazi, zimwi likikushinda leo, utalia?"

Aliyeuliza alikuwa na miaka tisa, ameketi juu ya boksi la karatasi za kuchapia, miguu inaning'inia, mdomo umejaa biskuti. Aliyeulizwa alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, akitikisa dadu ndani ya viganja kama anayeota moto. Alimtazama mtoto, akamtazama baba wa mtoto, akasema, "Huyu mwanao anauliza kama polisi." Watu wakacheka, dadu ikarushwa, swali likapotelea chini ya meza pamoja na makombo ya biskuti.

Jina lake halisi alilitumia benki tu. Kwingine kote aliitwa Mama Breki, kwa sababu alifundisha udereva, na gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali ya breki ya ziada upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akipagawa, mwalimu awaokoe wote wawili. Walimu wenzake waliikanyaga ile pedali kimyakimya, mwanafunzi akashuka kifua mbele akidhani gari limesimama kwa ufundi wake. Mama Breki aliuita huo utapeli. Yeye kila alipokanyaga alitangaza kwa sauti ya kuamsha mtaa: "Nimekanyaga mimi! Si wewe, ni mimi!" Mwanafunzi alitoka jasho, alitamani ardhi ipasuke, lakini alijua.

"Nikimdanganya leo," aliwaambia wenzake kwenye kibanda cha chai, "kesho yuko peke yake barabarani, na kiti changu kimekaliwa na mkoba wake. Mkoba unakanyaga breki?"

Sasa mwanamke wa namna hiyo, mkali wa barabara na alama zake, ndiye aliyekuwa akipigana na mazimwi kila Jumapili alasiri. Walichezea nyuma ya duka la chapa la mdogo wake, kwenye meza ya kukatia karatasi iliyojaa makovu ya visu. Chumba kilinuka wino. Mashine kubwa ya kunakili ilifunikwa kitambaa cha maua kama mgonjwa aliyelala, na juu yake iliwekwa feni iliyokuwa ikilalamika kila ilipogeuza shingo.

Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Kila mchezaji anamtengeneza mtu wake, shujaa, anamwandikia nguvu zake na udhaifu wake. Kuna mmoja asiyekuwa na shujaa, ambaye anasimulia hadithi na kuwachezesha maadui wote, na kazi hiyo ilikuwa ya Mpiga Chapa, yule mdogo mtu. Ukitaka kumpiga adui unarusha dadu yenye nyuso ishirini. Namba kubwa, umempiga. Namba ndogo, umepiga hewa. Adui naye anarushiwa dadu vivyo hivyo. Kila mmoja ana uhai wake uliohesabiwa kwa alama, na alama zikiisha, umekwisha. Shujaa aliyekufa hafufuki. Utengeneze mwingine, uanze upya na fimbo na viatu vya kuazima.

Mkunga wa zahanati ya jirani alicheza mkata vichwa, maana alisema wiki nzima anawaleta watu duniani, siku moja angependa kuwaondoa. Fundi Miwani alicheza mchawi. Na Mama Breki alikuwa Bibi Rungu, kikongwe mwenye goti bovu na rungu la chuma, anayewatukana maadui kabla ya kuwapiga. Bibi Rungu alikuwa kizibo cha chupa kilichochorwa uso wenye makunyanzi. Kizibo hicho kilikuwa mezani kabla mtoto wa biskuti hajazaliwa.

Kisha mume wa Mama Breki akafariki. Aliugua kidogo tu, watu wakidhani ni homa ya kupita, na akaondoka.

Hapo ndipo dunia ilipoanza kumkanyagia Mama Breki breki. Jirani alipomwona anaingia getini alizima redio. Wifi yake, mke wa Mpiga Chapa, mwanamke mwema kabisa, alimpelekea chakula kilichopondwa kama cha mtoto anayeota meno. Mashemeji waligawana vitu vya marehemu bila kumuuliza, wakasema, "Hatukutaka kukusumbua." Mkuu wa shule ya udereva naye akamwondoa kwenye barabara ya mlimani, aliyoifundishia miaka yote, ile yenye kona mbaya na malori, akampa uwanja wa kurudi nyuma kati ya koni za plastiki. "Pumzika kidogo, mama," alimwambia, kichwa kimeinama upande mmoja. Kila mtu siku hizo alizungumza naye kichwa kikiwa upande mmoja, kama kuku anayesikiliza.

Aliyameza yote hayo. Aliyameza kwa sababu kila Jumapili alikuwa na meza ile. Pale hakuna aliyeinamisha kichwa. Pale joka lilimwona Bibi Rungu kama nyama tu, na dadu haikujua nani kafiwa. Wiki chache baada ya matanga, Bibi Rungu, akiwa amebakiza alama mbili za uhai, alimpasua kichwa Malkia wa Popo, na Mama Breki akarudi nyumbani akiimba njia nzima. Jioni ile aliwasha jiko mwenyewe, akala, akajisikia kuwa bado kuna kitu anakiweza.

Basi ilikuwa alasiri moja ya joto, umeme umekatika, feni imekufa, wachezaji wanajipepea kwa karatasi mbovu. Bibi Rungu alikuwa amezingirwa na zimwi la mtoni, lenye mikono sita. Mpiga Chapa alikuwa na desturi ya kurusha dadu zake nyuma ya kipande cha boksi alichokisimamisha mbele yake, ili wachezaji wasijue siri za maadui. Alirusha, akachungulia, akasema, "Saba. Limekukosa, dada."

"Ha! Mikono sita na hata kofi halijui!" Mama Breki alipiga meza.

Umeme ukarudi. Feni iliachwa kwenye namba ya mwisho; ikavuma kwa nguvu zote, ikageuza shingo, na kile kipande cha boksi kikalala chali. Dadu ilikuwa imekaa wazi mbele ya Mpiga Chapa.

"Kumi na tisa," alisema Mkunga polepole, kama anayesoma joto la mgonjwa.

"Imegeuka," alisema Mpiga Chapa. "Upepo huu."

"Upepo umegeuza boksi," alisema Fundi Miwani. "Dadu haikutikisika. Mimi riziki yangu ni macho ya watu, bwana. Usinitafutie ugomvi na macho yangu."

Mama Breki hakuitazama dadu. Alimtazama mdogo wake, jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyepita taa nyekundu.

"Tangu lini?"

"Dada, hii ni mara moja tu..."

"Nimekuuliza tangu lini."

Mpiga Chapa alivua miwani akaifuta, na kila aliyemjua alijua kwamba huyo sasa anasema kweli. "Tangu msiba wa shemeji."

Feni ikageuza shingo, ikalalamika.

"Ngoja kwanza," Mkunga alidakia. "Ngoja! Ndiyo maana! Mimi nimezikwa mara mbili kwenye meza hii! Mara mbili! Kumbe kila zimwi likimkosa huyu linakuja kumalizia hasira kwangu! Nikadhani nina nuksi, nikafika hadi kubadili kiti!"

"Dada, ungekufa," Mpiga Chapa alisema, na sasa hakuwa akimjibu Mkunga. "Kwa Malkia wa Popo ulikuwa umekufa. Alikupiga ishirini. Ulikuwa umevaa kitambaa cheusi, umekonda, unatetemeka. Ningesema nini? Ningesema 'pole dada, na huyu naye kaenda'?"

Mama Breki alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, na mtoto wa juu ya boksi aliacha kutafuna.

"Jumapili ile," alisema, "nilirudi nyumbani naimba. Unajua? Nilipika. Nilijiambia, kumbe bado nipo. Sasa unaniambia sikumpiga mtu yeyote. Ulinikanyagia, halafu ukakaa kimya, ukanipigia makofi. Watu wamechukua makoti ya mume wangu, sikusema. Wamechukua mlima wangu, sikusema. Wewe ndugu yangu wa tumbo moja umechukua hata popo wangu!"

"Nilikuonea huruma..."

"Uliniona maiti! Ukaona huyu tayari tumemzika, tumsogezesogeze tu kizibo chake asijue!"

Alichukua mkoba, akatoka kupitia mlango wa mbele wa duka, akiacha pazia la shanga likipigapiga nyuma yake.

Hasira ile haikuishia pale. Ilitembea naye hadi kazini. Kesho yake aliingia ofisini kwa mkuu wa shule bila kubisha, wakati mkuu anakunywa chai.

"Nirudishie barabara yangu ya mlimani."

Mkuu akainamisha kichwa upande. "Mama, sisi tulifikiri upumzike."

"Nyoosha shingo hiyo kwanza, tuongee. Anayepumzika ni aliyechoka. Mimi nilifiwa, sikuchoka. Nani aliniuliza? Umeniweka na koni! Koni hazina hata adabu ya kuogopa!"

Mkuu akaweka kikombe chini, akatafuta ratiba. Wiki hiyo hiyo gari la Mama Breki lilionekana likipanda mlima, kijana mmoja ameng'ang'ania usukani kama anayezama, na sauti ikisikika hadi kwenye maduka: "Nimekanyaga mimi!"

Lakini Jumapili zilimshinda. Alifua vilivyokwisha fuliwa, akapanga makabati yaliyopangika, akakaa. Hakwenda dukani, na mdogo wake hakuja, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Hata mtoto alipotumwa na sahani ya biskuti, Mama Breki aliipokea, akaosha sahani, akairudisha bila salamu.

Mwishowe Mpiga Chapa alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, hajavua hata viatu.

"Wifi yako kasema nisirudi nyumbani bila wewe."

"Basi utalala hapo kibarazani."

"Dada, njoo uniseme mbele ya wenzetu, nikubali makosa, tucheze."

"Nitakuja kwa sharti. Kile kiboksi chako ukichome. Dadu zote zirushwe katikati ya meza, zako na zetu. Na uhai wa kila zimwi uuandike kwa chaki ukutani kabla halijatoa kucha. Ukiandika, hufuti mpaka tulipige."

Mpiga Chapa alikaa kwenye ngazi. Akakwaruza wino kwenye kucha zake.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui nguvu zao." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila wiki nabuni adui, na akiwazidi namtoa meno, akiwa dhaifu namwongezea. Nafanya hivyo hivyo kichwani, pale pale. Sijawahi kumwacha hata mmoja apigane hadi mwisho. Ukiniuliza leo joka langu linaweza kuua watu wangapi, sijui. Naweza kuwamaliza wote bila kukusudia."

Mama Breki alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu feni ile, alicheka, kicheko cha hasira lakini kicheko.

"Kumbe na wewe hujui kuendesha! Miaka yote umeshikilia breki, hata mwendo wa gari lako hujawahi kuuona!" Alichukua kanga yake. "Inuka. Twende tukajifunze."

Jumapili iliyofuata chumba kilijaa. Wifi alifunga jiko akaja, maana alisema vita vya ndugu mtu hasimuliwi, hujionea. Ukutani, juu ya mashine ya kunakili, Mpiga Chapa aliandika kwa chaki: joka la moto, uhai mia na ishirini. Chini yake akaandika: vibwengo tisa, uhai saba kila mmoja. Vibwengo ni vijitu vinavyokufika magotini, vyenye visu vya jikoni. Aliviweka, alisema, ili visindikize tu hadithi.

"Joka hili litawaua," aliwaonya. "Nimelifikiria wiki nzima. Naomba mjipange."

Wakajipanga. Fundi Miwani akamwaga uchawi wake wote aliouhifadhi, Mkunga akakata, Bibi Rungu akalipiga rungu la goti. Joka likapata zamu yake, likatema moto mara moja, likamwunguza mchawi ndevu. Zamu ikarudi kwa mashujaa, wote watatu. Wakapiga tena. Mpiga Chapa alifuta na kuandika, akafuta na kuandika, hadi ukutani pakabaki sifuri.

"Limekufa?" aliuliza mtoto.

"Limekufa," alisema baba yake, akishangaa kuliko wote. "Wiki nzima nimelilea! Nimelichora hadi magamba!"

"Lina mdomo mmoja, bwana," alisema Fundi Miwani akijipapasa ndevu zisizokuwepo. "Likiuma mara moja, sisi tumepiga mara tatu. Hata liwe kubwa kama kanisa."

Walicheka hadi Mkunga akashika mbavu. Na wakati wanacheka, vibwengo, vilivyokuwa mbali nyuma ya joka, vilikuwa havijapata zamu.

Vikapata. Viko tisa, maana yake dadu tisa. Fundi Miwani hakuwa na uchawi hata wa kuwasha kiberiti, kaumalizia wote kwa joka. Dadu zilirushwa katikati ya meza, wazi, moja baada ya nyingine: nne, kumi na saba, kumi na tano, mbili, kumi na nane. Mchawi akaanguka, amebakiza alama moja. Mkunga akaua viwili, akapigwa na vitatu, akaanguka naye akiwa bado anapumua. Kicheko kikaisha kama bomba lililofungwa. Bibi Rungu alisimama juu ya wenzake walioanguka, akitukana, akaua kimoja, akaua cha pili. Vikabaki vitano. Uhai wake ukabaki alama nne.

"Mnaweza kukimbia," Mpiga Chapa alisema haraka. "Kuna mlango nyuma. Sikuutaja, lakini upo."

"Ulikuwepo jana?" aliuliza Mama Breki.

Mpiga Chapa akaitazama chaki mkononi mwake.

"Basi haupo. Na hawa wawili nitawaacha chini? Nikiua hiki kilichoshika kisu kirefu, Mkunga atapata nafasi ya kuinuka. Napigana."

Alirusha. Kumi na sita. Kibwengo kikafa, na Mkunga akainuka, akamburuta mchawi nje ya duara la vibwengo. Wameokoka wote wawili. Ikabaki zamu ya vibwengo vinne. Cha kwanza kikakosa, cha pili kikakosa. Mpiga Chapa akaichukua dadu kwa ajili ya cha tatu, akaishika mno, ikamtoka mkononi vibaya, ikagonga mkasi, ikazunguka, ikazunguka, ikatulia.

Ishirini.

Mkono wa Mpiga Chapa ulishaifikia. "Imegonga mkasi. Hii haihesabiki, nairudia, kila mtu kaona imegonga..."

"Usikanyage!"

Mkono ukasimama hewani. Wifi alikuwa ameshika mdomo. Mama Breki aliinama juu ya meza, akaisoma ile namba mwenyewe, bila pupa, akaupeleka mkono wake kwa kile kizibo chenye makunyanzi, akakilaza kifudifudi.

"Sema," alimwambia mdogo wake.

"Dada..."

"Ni kazi yako. Sema."

Mpiga Chapa akaurudisha mkono wake. "Kibwengo kimempata Bibi Rungu ubavuni. Ameanguka. Bibi Rungu amekufa."

Mama Breki alisimama, akatoka uani kwenye bomba la maji. Alikaa huko. Mkunga alikuwa anazipanga dadu kwa ukubwa, bila sababu. Mtoto aliteremka kwenye boksi akachungulia dirishani, akaona mgongo tu, na maji yakimwagika. Shangazi aliporudi uso wote ulikuwa umelowa, na kwa jinsi ulivyolowa hakuna aliyeweza kusema maji yapi yalitoka bombani na yapi machoni. Mtoto aliutazama uso ule kwa macho yake yote, akashindwa kujua.

"Mnanitazama nini? Nipeni karatasi," alisema, akavuta kiti. "Huyu mpya atakuwa na upinde. Magoti mazima. Na wewe, mdogo wangu, vibwengo vyako wiki ijayo punguza viwili, lakini uandike ukutani kwamba umepunguza."

Miaka ikapita juu ya meza ile. Mpiga Chapa alijifunza kupima maadui kwa idadi ya zamu zao badala ya ukubwa wa meno yao, akawa anaogopwa kwa haki. Mtoto wa biskuti akawa msichana wa sekondari, mrefu kuliko shangazi yake, akaanzisha meza yake mwenyewe na wanafunzi wenzake. Siku moja alikuja kwa Mama Breki uso umekunjamana. Mmoja wa wachezaji wake, mama yake alikuwa hospitalini, na shujaa wa mchezaji huyo alikuwa karibu kuuawa. Alikuja kuuliza afanye nini. Ampunguzie zimwi nguvu?

Mama Breki alikuwa anaosha gari, ameinama kwenye tairi na brashi.

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hapana. Naogopa atalia." Msichana alisita, kisha likamtoka lile lililokuwa limemkaa kooni tangu utotoni. "Shangazi, Bibi Rungu alipokufa, ulipokwenda bombani. Ulilia?"

Mama Breki aliinuka, akashika kiuno, akamtazama mtoto wa mdogo wake kwa ghadhabu ile ile ya zamani.

"Nililia mpaka kamasi. Kwani nani aliwaambia nyie kwamba kulia ni ugonjwa?"